Ulizeni watu wawili: barua ya wazi kwa wakuu wa afya Nakuru

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru, Waziri wa Afya wa Kaunti, na wajumbe wa Kamati ya Afya katika Bunge la Kaunti.

Waheshimiwa,

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika mtaa wa Kaptembwa. Nyumba ninazozitembelea ni mia moja na kidogo, nyingi zikiwa vyumba vya ploti vilivyobanana hivi kwamba mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tano anamwambia pole. Mkoba wangu una mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani, kipimajoto na utepe wa kupima mkono wa mtoto. Naweza kuingia nyumba yoyote na kutoka na namba. Lakini jambo ambalo limeninyima usingizi mwaka huu halina mashine. Ni hali ya akili za watu waliooana, na jinsi tunavyoipima.

Naanza na nililoliona kwa macho yangu. Mwaka jana walifika mtaani kwetu watu wenye fomu za afya ya akili ya familia. Sitasema walitoka wapi. Walikuwa na adabu, na naamini nia yao ilikuwa njema. Mimi ndiye niliyewaongoza mlango hadi mlango. Chumba kimoja wakamkuta mume na mke. Wakawaketisha kwenye kochi moja, wakaanza kusoma maswali kwa sauti: "Katika wiki mbili zilizopita, mmekuwa na huzuni?" Mume akajibu, "Hapa kwetu hakuna shida, Mungu ametujalia." Mke alikuwa anamenya viazi. Kisu hakikusimama hata mara moja. Karani akaweka alama, akafungua ukurasa wa pili, na baada ya dakika saba tukawa tumetoka.

Saa nne usiku mke yule aligonga mlango wangu. Alikuwa amejifunga leso kichwani, viatu amevishika mkononi ili asisikike akitoka kwenye ploti. Hakuketi. Alisema, "Mama, yale maswali ya mchana. Niulize mimi."

Nikamuuliza. Aliyoniambia ni yake, na hayamo katika barua hii. Ameshahama Kaptembwa, na ameniruhusu niseme juu ya viatu peke yake. Ninachotaka mjue ni kwamba kwenye karatasi za zoezi lile, mpaka leo, nyumba ile imeandikwa haina shida.

Kiswahili kina kiambishi kimoja kinachoweza kuharibu utafiti mzima. "Umekuwa na huzuni?" linamuuliza mtu. "Mmekuwa na huzuni?" linaiuliza nyumba, na kila nyumba ina msemaji wake. Huyo msemaji atajibu kwa niaba ya wote, atalinda heshima ya mlango wake mbele ya wageni, na hatakuwa ameona kwamba amedanganya. Tatizo lilikuwa limeingia kabla hajafungua kinywa, wakati watu wawili walipowekwa kwenye kochi moja na kuulizwa kama mtu mmoja.

Kipimo kinachotumika sana duniani kuchunguza unyong'onyevu wa akili (depression) ni cha maswali tisa, kinaitwa PHQ-9. Kilichapishwa Marekani mwaka 2001, ila si kigeni kwetu. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kukijaribu hapa magharibi mwa Kenya, kwa watu wazima wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakaona kinaaminika. Kila swali linauliza siku ngapi katika wiki mbili zilizopita mtu amesumbuliwa na jambo fulani: kukosa hamu, kukosa usingizi, uchovu, na mengineyo. Jibu lina alama 0 hadi 3, kwa hiyo jumla haizidi 27. Kuanzia 10 kwenda juu, mtu anafaa kuonwa na mtaalamu. Chenyewe hakimwambii mtu kwamba anaumwa. Kinatuambia nani asiachwe aende zake bila kuangaliwa.

Mtu wa kawaida hajibu kwa urahisi swali la "zaidi ya nusu ya siku hizo". Mimi hutumia maharagwe. Namwekea punje 14 kwenye sahani, kila punje siku moja, namwambia: nitengee zile siku ambazo usingizi ulikataa. Mikono huhesabu vizuri kuliko mdomo, hasa kwa mtu anayeona haya.

Kuna mke na mume ambao maharagwe hayo yalinifundisha zaidi ya semina yoyote. Wote wawili wameniruhusu kuandika. Mke huuza githeri jioni kando ya barabara. Nilimhoji akianika nguo nyuma ya ploti, kwa kuwa ndipo mahali pekee pasipo na ukuta wa jirani. Alama zake zilikuwa 4. Amechoka, ndiyo, lakini anakula, analala, anacheka na wenzake wa chama. Mumewe hukuti nyumbani mchana. Anaendesha bodaboda, na pikipiki yenyewe bado anailipia deni kila jioni. Nilimfuata stejini saa nne asubuhi, wateja wakiwa wamepungua, tukasogea kando mbali na wenzake. Sahani sikuwa nayo, akageuza helmeti yake, tukaweka maharagwe humo. Nilipomuuliza kuhusu huzuni alicheka. "Mathe, mwanaume hana huzuni, ana deni." Nilipofika kwenye usingizi akanyamaza. Akaanza kutoa punje moja moja na kuziweka kwenye kiti cha pikipiki, mpaka helmeti ikabaki tupu.

Alama zake zilifika 16.

Nne na kumi na sita. Ukizijumlisha ukagawa kwa mbili unapata 10, namba ambayo si ya mke wala si ya mume. Ukichukua ya mke peke yake, kwa vile ndiye uliyemkuta, utaandika kwamba nyumba iko salama na kuendelea na safari. Habari yenyewe iko kwenye zile 12 zinazowatenganisha. Watu hawa wanalala kitanda kimoja, na mke hakujua kwamba mwenzake halali. Alidhani anaamka alfajiri kuwahi wateja. Baadaye mume alimwambia mwenyewe, alipokuwa tayari, si kupitia kwangu.

Waheshimiwa, somo hili tulishalipata kwa jambo jingine, tena kwa uchungu. Wakati wa vita dhidi ya UKIMWI tulijua kwamba mke anaweza kuwa na virusi na mume asiwe navyo, au kinyume chake, na kwamba kipimo cha mmoja hakisomi damu ya mwingine. Utafiti mkubwa wa dawa za kinga kwa wenzi wenye hali tofauti, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2012, ulihusisha jozi za wenzi zaidi ya 4,700 nchini Kenya na Uganda, na Kisumu na Eldoret zilikuwa kati ya vituo vyake. Watu wa sehemu zetu walikuwa humo. Tukajifunza kuwapima wote wawili, kila mmoja kwa kidole chake, na kuwapa ushauri wa pamoja pale tu wote wanapokubali. Hakuna daktari leo atakayempima mke halafu aandike "familia hii haina virusi". Kwa nini basi inapofika akili tunaandika hivyo?

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mwaka ambao mume wangu aliachishwa kazi kiwandani, presha yangu ilipanda. Nilikwenda kituo cha afya, nikapimwa, nikapewa vidonge, nikaambiwa nipunguze chumvi. Nilirudi mara nne. Kila mara waliufunga mkono wangu kwa ule mpira, wakasoma namba, wakaandika. Hakuna aliyeniuliza nyumbani kukoje. Nyumbani mume wangu alikuwa ameacha kula nasi mezani. Saa tisa usiku ningemkuta ameketi nje kwenye ndoo iliyofunikwa, redio mapajani, imezimwa. Nikimuuliza ananiambia anasikiliza mvua, na mvua haikuwapo. Ilichukua miezi minane kabla ya mzee mmoja wa kanisa kumkalisha chini na kumuuliza yeye, kwa jina lake. Miezi hiyo minane vidonge vilikuwa vyangu na ugonjwa ulikuwa wetu wote. Tumeoana miaka 22, na bado nikikumbuka ile redio moyo unanishuka.

Basi mkiamua kupima, na nawasihi mpime, yako mambo ambayo msipoyaangalia mtapata namba nyingi zisizo na maana.

La kwanza ni lugha. "Huzuni" kwa Kiswahili cha huku kwetu ni msiba. Mtu akifiwa ana huzuni. Anayeamka kila siku akiwa mzito kama gunia hatasema ana huzuni, atasema "nina mawazo". Kichwa kimejaa. Roho imechoka. Mjaluo atakuambia ana parruok, Mkikuyu ataongea juu ya meciiria, na wote wanamaanisha fikra zinazozunguka na hazitoki. Neno "presha" nalo lina kazi mbili: ni ugonjwa wa damu, na ni ile hali ya kubanwa na maisha, hivyo mtu akikuambia "nina presha" usikimbilie mashine kabla hujamuuliza ni ipi. Zimbabwe walilifanyia kazi jambo hili mapema. Walichukua neno la Kishona, kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na dodoso la maswali 14 lililojengwa kwa maneno ya Washona wenyewe, na tangu mwaka 2006 akina nyanya waliofunzwa huketi na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza. Matokeo ya jaribio walilofanya katika zahanati 24 yalichapishwa mwaka 2016, na waliohudumiwa na wale nyanya walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Hatuhitaji kunakili benchi. Tunahitaji ule uvumilivu wa kumuuliza mtu kwa neno analolitumia usiku akiwa peke yake.

Ndani ya PHQ-9 yenyewe kuna swali la kukosa makini, na mfano uliomo ni kusoma gazeti au kutazama televisheni. Mama anayeuza omena aliniambia kwa upole kabisa kwamba hana televisheni. Nikabadilisha: je, unapohesabu chenji, unapotea katikati? Akaniambia mwezi ule alikuwa amewarudishia wateja pesa zaidi mara tatu. Lile ndilo lilikuwa jibu. Mabadiliko ya namna hii hayafai kufanywa na mimi peke yangu kando ya genge la samaki. Yanafaa kufanywa na wataalamu pamoja na watu wa mtaa, yajaribiwe, kisha sote tutumie maneno yale yale ili namba za Kaptembwa ziweze kulinganishwa na za Molo. Na swali la sita, la kujiona umeshindwa au umeiangusha familia yako, liacheni kama lilivyo. Wanaume wanaocheka wakisikia huzuni huinama wakifika hapo.

Tena tusichanganye ndoa na watu waliomo ndani yake. Viko vipimo vya ndoa yenyewe. Kimojawapo kina maswali 32, kilitengenezwa Marekani mwaka 1976, na huuliza wenzi wanakubaliana kiasi gani kuhusu fedha, ndugu na jamaa, na hata kama wanabusiana. Muulize mzee wa miaka 60 wa Subukia swali hilo mara ya kwanza mnapoonana uone kama atakujibu la pili. Kuna watu wanaopatana vizuri na mmoja wao yuko gizani kabisa. Yule wa bodaboda na mkewe hawagombani. Na kuna wanaogombana kila Jumapili na wote wawili wana afya ya akili njema. Mpangaji akisoma alama za maelewano ya ndoa akadhani amesoma afya ya akili, fedha zitakwenda kwenye semina za wanandoa na yule wa stejini ataendelea kutolala.

Pia kukosa ugonjwa si kuwa na ustawi. Shirika la Afya Duniani lina kipimo kifupi cha sentensi tano, WHO-5, kinachouliza mazuri tu: kama umekuwa mchangamfu, umetulia, una nguvu, umeamka ukiwa umepumzika, na siku zako zimejaa mambo unayoyapenda. Alama zake hujumlishwa na kuzidishwa kwa 4 zikafika 100. Nakipenda kwa sababu mwanaume hukijibu bila kujikunja. Ningeanza nacho, halafu walio chini ya 50 niwaulize yale tisa.

Sasa nifike penye hatari. Kuuliza watu wawili katika nyumba moja kunaweza kumuumiza mmoja wao. Utafiti wa Demografia na Afya wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kupigwa au kuumizwa mwilini tangu wakiwa na miaka 15. Watafiti wale, walipofika kwenye maswali ya ukatili, walimchagua mtu mmoja tu katika kila nyumba, wakamhoji akiwa peke yake, na utaratibu wa kazi hiyo unasema mtu mwingine akiingia mazungumzo yasimame au yabadilishwe. Sababu yake ni wazi: mume akijua mkewe ameulizwa maswali gani, usiku una mambo. Kwa hiyo ninapoomba wote wawili waulizwe, nasema hivi: maswali ya usingizi, uchovu, mawazo na furaha yaulizwe kwa wote, kila mtu mahali pake. Maswali ya kupigwa aulizwe mmoja, faraghani, na aliyefunzwa kuyauliza. Msiyaweke kwenye fomu moja. Nimeona fomu iliyoyachanganya, na mkono wangu ulikataa kuijaza.

Faragha kwenye ploti hupatikana kwa kuitafuta. Kamba ya nguo. Foleni ya maji, ukiwahi kabla ya wengine. Stejini. Nyuma ya kanisa baada ya ibada, uani kwa msikiti wa Bondeni baada ya swala, kwa ruhusa ya wazee. Wanaume hawapatikani nyumbani saa nne asubuhi, na ratiba zetu nyingi za kutembelea nyumba ni za saa nne asubuhi. Ndiyo maana tukipima kwa njia ya kawaida tunapima wake, kisha tunaita takwimu zile "za familia". Duniani kote, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka, na wanaume ni zaidi ya maradufu ya wanawake. Hao ndio tunaowakosa kwa sababu tu walikuwa kazini tulipobisha hodi.

Mume mmoja aliwahi kunishika mkono, si kwa ubaya, akaniambia, "Daktari, nionyeshe tu mke wangu alisema nini. Mimi ndiye mwenye nyumba." Simu ninayojazia majibu ilikuwa mkononi mwangu. Nilimwambia majibu yake yeye pia mkewe hatayaona kamwe, na hapo akaniachia. Lakini nilikuwa natetemeka. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, ndoa au si ndoa. Naomba tupewe mafunzo juu ya hili, na majibu ya mume na mke yahifadhiwe kwa namba mbili tofauti, zinazoweza kuunganishwa na mchambuzi huko ofisini, si na mtu aliyeshika simu mlangoni.

Na hao wanandoa ni akina nani? Kwangu kuna mume mwenye wake wawili, mmoja Kaptembwa na mwingine Njoro. Hapo ni watu watatu. Kuna mama ambaye mumewe yuko mashamba ya maua Naivasha na huja mwisho wa mwezi, na kuna baba anayelea watoto wawili huku mkewe yuko kazini Saudia, ndoa yao iko kwenye simu. Wengi wanaishi pamoja bila cheti chochote. Mkihesabu wenye vyeti tu mtakuwa mmechagua wenye nafuu.

Halafu msipime mara moja. Wiki mbili za Januari, karo ikidaiwa, si wiki mbili za Agosti. Naivasha, siku za kuelekea Februari 14, zamu za maua hurefuka na hakuna anayelala vya kutosha. Pimeni miezi ile ile, mwaka baada ya mwaka, mwone kinachopanda na kinachoshuka.

Limebaki swali la tisa la PHQ-9, ambalo linauliza kama mtu amefikiri kwamba afadhali angekufa au ajiumize. Miaka mingi mtu aliyejaribu kujiua aliweza kushtakiwa kwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mtaani bado wengi hawajasikia. Wanaogopa polisi, kwa hiyo wanasema "sifuri" haraka kuliko maswali yote. Tangazeni kwenye redio, kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, kabla ya mtu yeyote kuuliza swali hilo.

Na mkiuliza, mwe na la kufanya. Nikikuta presha ya 180 najua nampeleka mtu wapi siku hiyo hiyo. Nikikuta punje 14 nje ya helmeti, nampeleka wapi? Nani atampokea stejini, au jioni, au Jumapili? Haifai mtu afunuliwe kidonda kisha aachwe wazi. Si lazima kila mmoja aonwe na daktari wa akili, maana hawatoshi. Jijini Nairobi wahudumu wa jamii kama mimi walifunzwa kuendesha vikao vitano vya kusaidia watu kukabili matatizo, vikajaribiwa kwa wanawake 518, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuwa mazuri. Tunaweza. Ila angalieni tena: wanawake 518. Ni kazi njema, na waliistahili. Nakuru iwe mahali ambapo wanaume nao watakaa kwenye vikao hivyo.

Sheria mnayo. Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya ya kiwango cha juu kinachowezekana. Jopo la kitaifa la afya ya akili mwaka 2020 lilitaka hali hii itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa kaunti wajibu wazi. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka unapaswa kufika mbele ya Bunge la Kaunti kabla ya Septemba 1 kuisha. Naomba safari hii uwe na mstari wa fedha kwa ajili ya jambo hili: dodoso lililojaribiwa kwa lugha zetu, mafunzo kwa wahudumu wa jamii, nauli na marupurupu ya kutembelea watu jioni na Jumapili, na angalau mshauri mmoja katika kila kaunti ndogo ambaye mlango wake uko wazi saa ambazo watu wa vibarua wako huru. Anzeni na wadi moja. Nipeni hii yangu, nitaifanya kwa moyo wote.

Yule wa bodaboda aliniona juzi karibu na soko la Wakulima. Alisimamisha pikipiki katikati ya matatu mbili zilizokuwa zinampigia honi, akaniuliza, "Mathe, yale maharagwe tutahesabu tena lini? Sasa hivi zingebaki kama tano." Nilimwambia nawaandikia ninyi kwanza.

Wenu katika kazi,
Mhudumu wa afya ya jamii,
Kaptembwa, Nakuru.